MIZANI HAISEMI YOTE: Picha ya mwili na ukali wa saratani ya figo

Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea katika kambi yetu hapa Uganda. Tumezoea kusoma katika kurasa hizi juu ya malaria, kuhara na chanjo za watoto. Leo nataka tuongee juu ya ugonjwa ambao hausemwi sana kati yetu: saratani ya figo, ambayo wengine wanaiita kansa ya figo.

Nitaeleza hasa jambo moja. Picha ya hospitali inayoonyesha uvimbe wa figo inaonyesha pia misuli na mafuta ya mgonjwa, na daktari akiyasoma vizuri anaweza kupata dalili ya ukali wa ugonjwa. Nitaeleza pia kwa nini sisi watu wa kambi tunapaswa kusema neno letu wakati picha hiyo inasomwa.

Ninaandika habari hii kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

NILIKOSEA WAPI

Katika kijiji chetu yuko mzee mmoja, mvuvi wa zamani kutoka Uvira. Tumwite Papa, maana jina lake ni siri yake. Yeye na mke wake wamenipa ruhusa kueleza habari hii.

Mwezi wa tatu Papa aliniambia kwamba ameona damu kwenye mkojo. Haikumwuma, na baada ya siku mbili ilikwisha. Yeye mwenyewe alikuwa na jibu tayari: "Mwanangu, hii ni kichocho ya ziwani. Nimekaa majini miaka thelathini." Nilimpima uzito, akawa na kilo 71. Nilimwambia anywe maji mengi, na damu ikirudi aniambie. Nikaandika kwenye daftari langu na kuendelea na nyumba nyingine.

Mwezi wa nane nilipita tena kwao. Damu haikuwa imerudi, lakini Papa alisema anachoka. Mke wake akaongeza: "Huyu si mume wangu wa zamani. Bido ya maji ya lita 20 hawezi kuinyanyua. Akitaka kuinuka kwenye kiti mpaka ashike meza." Nilimpima tena. Kilo 71 zilezile. Nikasema kwa furaha: "Papa, hujapungua hata kilo moja. Hakuna tatizo." Mama yule aliniangalia tu, akanyamaza.

Wiki tatu baadaye damu ilirudi, safari hii na mabonge. Tulikimbia kituo cha afya. Mkojo ulipimwa, kisha Papa alifanyiwa altrasaundi, na ikaonekana kuna uvimbe kwenye figo ya kushoto. Alipewa rufaa. Mimi nilimsindikiza kama mkalimani, kwa sababu Papa anaongea Kiswahili na Kifuliiru tu. Huko hospitali daktari alituonyesha kwenye kompyuta kitu ambacho mizani yangu haikukiona: misuli ya Papa ilikuwa imepungua sana, na mafuta ya tumboni yalikuwa yameongezeka. Kilo zilitoka upande mmoja zikaingia upande mwingine, kwa hiyo mizani ikabaki palepale.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja tu na bila maumivu, inapaswa kupimwa. Pili, niliamini mizani kuliko mke wa mgonjwa.

FIGO NA SARATANI YAKE

Mtu ana figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Kila moja ina ukubwa unaokaribia ngumi ya mkono wako. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo, na pia kusaidia kulinda presha ya damu.

Saratani ya figo huanza pale chembe za figo zinapoongezeka bila utaratibu na kufanya uvimbe. Duniani kote, watu zaidi ya 430,000 waligundulika kuwa na ugonjwa huu mwaka 2022. Mambo yanayoongeza hatari ni kuvuta sigara, unene uliozidi, na presha ya juu isiyotibiwa. Wachache huurithi katika ukoo. Ugonjwa huu hauambukizi. Usimtenge mtu, wala usiogope kula naye sahani moja.

Dalili zake ni hizi:

- Damu kwenye mkojo, hata kama inakuja na kupotea.
- Maumivu ya ubavuni au mgongoni upande mmoja, yasiyoisha.
- Uvimbe unaoshikika ubavuni au tumboni.
- Kupungua mwili bila kukusudia, uchovu, homa isiyo na sababu, au kukosa hamu ya kula.

Mara nyingi mwanzoni hakuna dalili yoyote. Watu wengi huambiwa habari hii walipokwenda kupimwa tumbo kwa sababu nyingine kabisa.

Na ile kichocho je? Aina ya kichocho iliyozoeleka Uvira na sehemu nyingi za maziwa yetu ni ya matumbo, na damu yake huonekana kwenye choo kikubwa. Kichocho cha kibofu, kinachotoa damu kwenye mkojo, kipo pia, lakini katika sehemu nyingine. Huwezi kuzitenganisha kwa kukisia nyumbani. Dawa moja ya kifua kikuu hufanya mkojo uwe na rangi ya chungwa au nyekundu, na hiyo si damu. Peleka mkojo upimwe, upate jibu la kweli.

UKALI WA SARATANI UNAJULIKANAJE?

Uvimbe wa figo haufanani kwa watu wote. Mwingine hukua polepole sana kwa miaka. Mwingine hukua haraka, huingia kwenye mishipa ya damu na kwenda kwenye mapafu au mifupa. Daktari akisema saratani ni "kali," anazungumzia tabia hiyo ya pili.

Ili kujua ukali, madaktari hutazama kwanza mambo mawili.

La kwanza ni HATUA, kuanzia 1 hadi 4. Hatua inaeleza uvimbe umefika wapi. Hatua ya 1 ni uvimbe usiozidi sentimita 7 na ambao bado uko ndani ya figo. Katika hatua ya 4 umekwisha kutoka nje ya eneo la figo au kufika sehemu za mbali.

La pili ni DARAJA, nalo ni kuanzia 1 hadi 4. Hapa mtaalamu anachukua kipande cha uvimbe na kukitazama kwa darubini. Chembe zinazofanana bado na chembe za kawaida ni daraja la chini. Zilizoharibika sana ni daraja la juu, na hizo ndizo kali.

Shida ni hii: daraja hujulikana kwa hakika tu baada ya kupata kipande cha uvimbe, na mara nyingi ni baada ya upasuaji. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta dalili nyingine ambazo zinaonekana mapema, bila kukata. Dalili moja wapo ni hali ya misuli na mafuta ya mgonjwa kwenye picha.

SITI SKANI NI NINI?

Siti skani ni mashine yenye umbo la pete kubwa. Mgonjwa analala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya pete hiyo. Mashine inapiga eksirei kutoka pande zote, na kompyuta inaunganisha picha hizo hadi mwili uonekane kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Daktari anaweza kutazama kila kipande peke yake.

Mashine hii ina mkono wa Afrika ndani yake. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu zake alipokuwa akifanya kazi Cape Town mwaka 1956. Mwingereza Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo huko London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Jina la Hounsfield limebaki kwenye kipimo kinachotumika mpaka leo. Kila kitu kwenye picha kina namba yake. Maji ni 0. Hewa ni 1,000 chini ya sifuri, na huonekana nyeusi kabisa. Mafuta ni kama 100 chini ya sifuri, na huonekana ya kijivu cheusi. Misuli ni kama 50 juu ya sifuri, na huonekana ya kijivu cheupe. Mfupa una namba kubwa, na huonekana mweupe. Kwa sababu ya namba hizo kompyuta inaweza kutenganisha misuli na mafuta bila kumgusa mgonjwa.

MISULI INAPIMWA NAMNA GANI?

Wataalamu huchagua kipande kimoja cha picha, pale kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Mahali hapo panaonyesha misuli ya mgongo, ya ubavu na ya tumbo kwa pamoja, na panawakilisha vizuri misuli ya mwili mzima. Kompyuta inapaka rangi misuli yote na kuhesabu eneo lake kwa sentimita za mraba. Kisha eneo hilo linagawanywa kwa urefu wa mtu, uliozidishwa kwa wenyewe.

Tuchukue mfano. Mwanaume ana urefu wa mita 1.70. Ukizidisha 1.70 kwa 1.70 unapata 2.89. Kama eneo la misuli yake ni sentimita za mraba 130, gawanya 130 kwa 2.89, unapata 45 hivi. Hiyo ndiyo namba yake ya misuli.

Je, 45 ni nyingi au kidogo? Vipimo vinavyotumika sana vilitoka kwenye utafiti wa wagonjwa wa saratani huko Canada, uliotolewa mwaka 2008. Huko, mwanaume mwenye chini ya 52.4 na mwanamke mwenye chini ya 38.5 walihesabiwa kuwa na misuli kidogo. Lakini wale walikuwa watu wa Canada, tena wanene. Daktari mwangalifu hachukui namba za watu wengine na kuzibandika juu yetu kama sheria.

Picha inaonyesha jambo lingine pia, yaani ubora wa misuli. Misuli ikiingiwa na mafuta ndani yake, namba yake inashuka na inaonekana nyeusi zaidi. Fikiria nyama ya buchani: mbili zinaweza kuwa na ukubwa mmoja, lakini moja ni steki nyekundu na nyingine ina mistari ya mafuta kila mahali.

MISULI INASEMA NINI JUU YA UKALI?

Saratani iliyo kali huleta hali kama ya moto mdogo mwilini usiozimika. Hali hiyo inavunja misuli ili mwili upate nguvu, na inaua hamu ya chakula. Kwa hiyo misuli inayopungua inaweza kuwa dalili kwamba ugonjwa unafanya kazi kubwa, hata kama uvimbe wenyewe hauonekani wa kutisha.

Utafiti umeonyesha hivyo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa waliotolewa figo kwa sababu ya saratani. Walirudi kwenye picha zao za kabla ya upasuaji, wakapima misuli. Wale waliokuwa na misuli kidogo walifariki kwa saratani hiyo zaidi kuliko wenye misuli ya kutosha.

Misuli kidogo inaleta shida pia wakati wa matibabu. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kutolewa mwaka 2010 ulitazama wagonjwa wa saratani ya figo waliokuwa wakinywa dawa moja ya vidonge. Wale ambao hawakuwa wanene na walikuwa na misuli kidogo walipata madhara makali ya dawa kuliko wengine. Kwa sababu hiyo daktari anayejua hali ya misuli anaweza kumfuatilia mgonjwa kwa karibu zaidi.

NA MAFUTA JE?

Hapa mambo si mepesi. Unene uliozidi unaongeza hatari ya kupata saratani ya figo. Lakini katika tafiti kadhaa, wagonjwa wanene waliokwisha kuipata waliishi muda mrefu kuliko wembamba. Wataalamu bado wanabishana kwa nini.

Sababu moja inaweza kuwa kwamba uzito peke yake haufafanui mwili. Picha hutenganisha mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyabana kwa vidole, na mafuta ya ndani ya tumbo yanayozunguka matumbo na figo. Tafiti nyingine zimeona kwamba mafuta mengi ya ndani yanakwenda pamoja na saratani ya daraja la juu. Nyingine zimeona kinyume. Kwa hiyo mtu yeyote asikuambie kwamba kitambi chako kinaonyesha saratani yako ni kali au ni nyepesi. Kwa sasa misuli inasema waziwazi zaidi kuliko mafuta.

NJAA YA KAMBI NA PICHA YA HOSPITALI

Ndugu msomaji, naomba usome sehemu hii kwa makini.

Misuli haipungui kwa sababu ya saratani tu. Inapungua kwa njaa. Inapungua kwa kifua kikuu, kwa virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, kwa kisukari, kwa uzee, na kwa kulala kitandani muda mrefu. Sisi tunajua. Mwaka 2023 mgao wetu uligawanywa kwa makundi, na familia nyingi zilitolewa kwenye orodha. Kuna wapapa wanaokula mara moja kwa siku ili watoto wapate. Misuli yao imepungua, na hawana saratani.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akipata uvimbe wa figo. Picha yake inaonyesha misuli kidogo. Daktari asiyejua habari za mgao anaweza kufikiri: saratani hii ni kali, imemla huyu mtu. Au anaweza kuona mgonjwa ni dhaifu mno kwa upasuaji, akaogopa kumpasua. Picha haimwambii kwamba kilichomla ni njaa. Wa kumwambia ni wewe.

Ilitokea hivyo kwa Papa. Daktari alipotuonyesha misuli ile, alisema kwa Kiingereza maneno ambayo niliona vigumu kuyatafsiri. Alisema inawezekana ugonjwa umekwenda mbali. Nilisita. Halafu nikasema: "Daktari, naomba nikueleze kitu. Familia hii ilitolewa kwenye mgao. Huyu mzee amekuwa akila fufu na majani mara moja kwa siku." Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza maswali mengi: tangu lini, anakula nini, samaki anapata mara ngapi, alikuwa anafanya kazi gani kabla. Kisha akaagiza kipimo cha kifua na vipimo vya damu ili kuona kama ugonjwa kweli umesambaa, badala ya kuamini misuli peke yake. Mapafu yalikuwa safi.

Kwa hiyo, ukipelekwa rufaa, wewe au ndugu yako, mwambie daktari mambo haya hata kama hajauliza:

1. Unakula mara ngapi kwa siku, na chakula gani.
2. Mgao wako ulipunguzwa au ulikatwa lini.
3. Nguvu zilianza kupungua lini, kabla ya njaa au baada yake.
4. Kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, au unatumia dawa zozote, hata za miti shamba.

Usione aibu. Njaa si kosa lako, na kuificha kunaweza kukuletea matibabu yasiyo sahihi.

UNAWEZA KUFANYA NINI NYUMBANI?

Siti skani haipo kambini, lakini nguvu za mwili unaweza kuziangalia bila mashine.

Jaribu kipimo cha kiti. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kinachofika usawa wa magoti, si kigoda kifupi. Kunja mikono kifuani. Inuka na kukaa mara 5 bila kushika kitu, huku mwingine akihesabu kwa saa. Ikizidi sekunde 15, au ukishindwa, nguvu za misuli yako zimepungua. Hiyo haimaanishi una saratani. Inamaanisha uje kituo cha afya tutafute sababu.

Angalia pia mambo madogo ambayo wa nyumbani wanayaona mapema: mapaja na mikono inakonda huku tumbo likibaki palepale, saa ya mkononi inateleza, bido ya maji imekuwa nzito, kilima cha kisimani kimekuwa kirefu.

Mizani bado ina kazi yake. Ukipungua zaidi ya kilo 5 katika kila kilo 100 za mwili wako ndani ya miezi 6 bila kukusudia, njoo upimwe. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 3. Ila uzito usipopungua, usidhani basi kila kitu ni salama, kama nilivyodhani mimi.

Ili kulinda misuli, changanya fufu au posho na maharage, karanga, ndagala, mayai au soya kila unapoweza, hata kwa kiasi kidogo. Sombe na lengalenga ni nzuri, lakini peke yake hazitoshi kujenga misuli. Tembea, lima bustani ndogo, usilale kutwa. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi aulize kwanza kwa daktari kiasi cha maharage, nyama na samaki anachoruhusiwa, kwa sababu kwake kanuni ni nyingine.

Acha sigara, na pima presha.

MASWALI AMBAYO WATU HUNIULIZA

Je, niombe siti skani ili nipimwe misuli?
Hapana. Siti skani inatumia mionzi, na haifai kupigwa bila sababu. Misuli husomwa kwenye picha ambayo tayari imepigwa kwa ajili ya uvimbe. Hakuna kuingia kwenye mashine mara ya pili, wala sindano ya ziada.

Wakati wa kupigwa picha kuna maumivu?
Hakuna, ila sindano ya dawa inayofanya viungo vionekane vizuri. Dawa hiyo huleta joto mwilini kwa muda mfupi. Sema mapema kama una mimba, kama figo zako zina ugonjwa, au kama dawa ya namna hiyo iliwahi kukudhuru.

Picha ikionyesha misuli kidogo, ndiyo nimehukumiwa kufa?
Hapana. Ni dalili moja kati ya nyingi. Hatua ya ugonjwa na daraja la chembe ndivyo vinavyotangulia. Misuli ina jambo jema ambalo uvimbe hauna: inaweza kujengwa tena, japo polepole.

Mtoto wangu ana uvimbe tumboni. Ni ugonjwa huohuo?
Watoto wadogo wanapata saratani nyingine ya figo, na mara nyingi mama ndiye anayeigundua wakati wa kumwogesha mtoto. Usiuminye uvimbe huo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwahiwa inatibika vizuri.

Filamu na karatasi za hospitali nizifanyie nini?
Zitunze kama unavyotunza kadi yako ya familia. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya. Daktari atakayekuona mwakani atataka kulinganisha picha ya zamani na mpya, na hapo ataona kama misuli inapungua au inarudi.

PAPA YUKO WAPI LEO?

Wakati wa kungoja tarehe ya upasuaji, daktari alimwagiza Papa aimarishe mwili. Majirani walichanga maharage na ndagala. Kanisa lao lilileta mayai. Kila jioni mke wake alimtembeza hadi kisimani na kurudi, na siku nyingine mimi nilikwenda nao. Baada ya wiki chache aliweza kuinuka kwenye kiti mara 5 bila kushika meza, ingawa alitumia sekunde 19.

Figo ya kushoto ilitolewa. Majibu ya darubini yalisema daraja la 2, na uvimbe ulikuwa bado ndani ya figo. Papa anaishi na figo moja, na mtu anaweza kuishi hivyo. Bado anarudi hospitali kwa kipimo kila anapoitwa, maana ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka. Bido ya lita 20 bado haiwezi, lakini ya lita 10 anaibeba.

Mke wake aliniambia juzi: "Siku ile ulipoangalia mizani, mimi nilikuwa namwangalia mtu." Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo, nikifika kwenye nyumba yoyote, namwuliza kwanza anayeishi na mgonjwa, ndipo natoa mizani kwenye begi.

KUMBUKA

- Damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu: nenda ukapimwe.
- Uzito kubaki palepale si hakikisho kwamba mwili uko salama. Angalia nguvu.
- Picha ya siti skani inaweza kuonyesha misuli na mafuta, na misuli kidogo ni dalili moja ya ukali wa saratani ya figo. Si hukumu.
- Njaa nayo inapunguza misuli. Mwambie daktari ukweli wa chakula chako.
- Tunza filamu na karatasi zako.

Ukiwa na swali, mwone VHT wa kijiji chako au fika kituo cha afya. Msomee jirani asiyejua kusoma habari hii.